Friza inafanya "tak" halafu inanguruma halafu kimya, mafundi wawili wameniambia mambo tofauti

mama_barafu (Makorora, Tanga)

Habari zenu wapendwa, naombeni msaada mana mwenzenu nimechanganyikiwa. Nna friza ya kulala, ile ya mfuniko wa kufungulia juu, lita 200 na kitu, niliinunua mtumba mwaka 2021 na mpaka juzi juzi haijawahi kunisumbua. Natengenezea barafu za ukwaju na za ubuyu nauza hapo nje watoto wakitoka shule, na chini kabisa kuna samaki wa shemeji yangu, changu na vibua anaotoa pale Deep Sea wanaposhusha samaki, akipata wengi ananiwekea humo mpaka apate mteja.

Sasa hii wiki ya pili inapiga kelele. Ziko tatu na nitazieleza kama ninavyozisikia. Kuna moja ni kama maji yanachemka kwenye sufuria, blu blu blu, hiyo naisikia ikiwa inafanya kazi na hata ikishazima inaendelea kidogo. Ya pili ni usiku watu wamelala unasikia pa! kama mtu kakanyaga kifuu. Ila inayonitia hofu ni ya tatu, inafanya tak, halafu inanguruma mmmmmm sekunde kama kumi hivi, halafu tak tena, kimya. Zinapita dakika kadhaa inarudia vilevile. Ikianza hivyo inaweza kwenda saa zima na barafu zinaanza kulainika. Mara nyingi ni kuanzia magharibi mpaka saa nne usiku, asubuhi naikuta inafanya kazi vizuri kama haina tatizo.

Nikamwita fundi, akasikiliza akasema gesi imeisha. Akajaza gesi nikamlipa elfu 60. Ikafanya kazi siku mbili haina kelele kabisa, siku ya tatu yakarudi yaleyale. Nikamwita mwingine, yeye hakufungua kitu, kaweka mkono tu kwenye kompresa, ile pampu ya gesi ya nyuma, akasema imekufa inataka mpya, na bei aliyoitaja ni karibu ninunue friza nyingine ya mtumba. Jamani kabla sijatoa hela hiyo nataka mtu anayejua aniambie ukweli, hii ni kompresa kweli? Na samaki wa watu nifanyeje, mana shemeji yuko baharini na sitaki akirudi akute mzigo umeharibika mikononi mwangu.

muuza_samaki_sahare

Pole dada. Hayo ya kompresa wataongea mafundi, mimi nakuambia kuhusu mzigo. Friza ikizima usifungue fungue kuangalia, kila ukifungua unaingiza joto. Friza iliyojaa na kufungwa inaweza kushika baridi kama saa 48, ikiwa nusu ni kama saa 24, ila hapo ni kama mfuniko unabana vizuri na hauguswi. Ukiona usiku imesumbua na asubuhi imewaka, samaki wakiwa bado wagumu kama jiwe au wana chembe za barafu hawana shida, waache wagande tena. Wakishakuwa laini na vuguvugu usiwagandishe ukamuuzia mtu, hasa vibua, vibua na jodari wakipata joto wanaweza kumuwasha mtu mwili mzima hata ukiwakaanga vipi, ile sumu haiondoki kwa moto.

Jaza nafasi zilizo wazi kwa chupa za maji yaliyoganda, zinasaidia sana umeme ukisumbua. Na ukishindwa kabisa niambie, nna kasha la barafu mzigo wa shemeji unaweza kulala huku siku mbili.

fundi_baridi_ngamiani

Mama barafu kwanza usinunue kompresa. Narudia usinunue kompresa mpaka mtu apime, mana kwa maelezo yako kompresa inayoamka kila asubuhi na kufanya kazi mpaka jioni haijafa. Iliyokufa haichagui saa.

Nikueleze hizo sauti. Hiyo blu blu ni gesi inapita kwenye mabomba, sehemu inakuwa maji sehemu inakuwa mvuke, na kompresa ikizima ile iliyokuwa imebanwa upande mmoja inahamia upande mwingine mpaka zilingane ndo mana unaisikia hata ikiwa imezima. Ni kawaida. Hiyo pa! ya usiku ni bati na plastiki za ndani zinasinyaa kwa baridi na kutanuka, mchana ipo pia ila hamsikii kwa sababu ya kelele za mtaani. Kawaida pia. Na kama umewahi kugusa ubavu wa friza ukakuta wa moto usishtuke, friza nyingi za kulala mabomba ya kutoa joto yamefichwa ndani ya lile bati la pembeni, kwa hiyo usiibane ukutani wala usiifunike vitenge.

Hiyo ya tatu ndo ugonjwa. Kompresa ndani ina mota, ile mota haiwezi kuanza kuzunguka yenyewe inahitaji kusukumwa mwanzoni, na kinachoisukuma ni kile kidude kidogo ubavuni mwake tunaita rilei. Rilei inapitisha umeme kwenye waya wa kuanzia kwa muda mfupi sana halafu inajikata, mota inaendelea. Sasa mota ikishindwa kuzunguka inabaki imekwama inavuta umeme mwingi mara kadhaa ya kawaida yake, hiyo ndo mmmmmm unayoisikia, inapata moto haraka, na pembeni ya rilei kuna ovalodi ambayo kazi yake ni kukata kabla mota haijaungua. Hiyo ndo tak ya pili. Ikipoa inaunganisha tena, tak, mmmm, tak. Kwa hiyo ovalodi inakuokolea mota yako, haina kosa, na asikudanganye mtu akuungie moja kwa moja bila ovalodi eti kelele ziishe.

Mota inashindwa kuzunguka kwa sababu kama nne hivi: umeme unaoifikia ni mdogo, rilei imechoka, presha ya gesi bado kubwa upande mmoja, au kweli kompresa imekamata ndani. Kompresa ni ya mwisho kwenye orodha sio ya kwanza.

Nna maswali matatu naomba unijibu bila kuruka hata moja. Friza imechomekwa wapi, ukutani moja kwa moja au kwenye extensheni? Zile siku mbili ilizofanya kazi vizuri baada ya kujaza gesi, ilikuwa imekaa palepale au sehemu nyingine? Na ile stika ya nyuma karibu na kompresa imeandikwa gesi gani, R134a au R600a?

kijana_wa_pongwe

Mi yangu ilikuwa hivyohivyo nikaigonga kompresa na nyundo ya mpira ikawaka mpaka leo inadunda miezi minne. Jaribu kwanza hiyo haina gharama. Ikikataa weka kapasita, kile kidude cha kuisaidia mota kuanza.

mama_barafu

Fundi ahsante sana, yani umenieleza mpaka nimeelewa, wale wawili hakuna aliyeniambia hata robo ya haya.

Najibu. Friza iko barazani, nimeitoa sebuleni mwezi uliopita baada ya kuanza biashara ya barafu mana watoto walikuwa wanaingia mpaka ndani. Barazani hakuna soketi kwa hiyo natumia extensheni inatoka chumbani kwa dirishani, ni ndefu ile ya kuzungushwa kwenye kigurudumu, na sijaikunjua yote nusu iko kwenye kigurudumu chake. Hapohapo nimechomeka na pasi na taa ya nje na chaja za simu, pasi ni jioni tu nikinyoosha sare za watoto.

La pili hilo nimekaa nikafikiria nikashtuka. Fundi wa gesi alipokuja alitaka kivuli akaisukuma tukairudisha sebuleni, akachomeka ukutani, na ikakaa huko siku mbili. Siku ya tatu asubuhi nikairudisha barazani. Jioni yake ndo ikaanza tena. Sikuwahi kuunganisha haya mambo mawili!

Stika imefutika futika ila inasomeka R134a.

fundi_baridi_ngamiani

Basi mama ugonjwa umeshautaja mwenyewe. Hela yako ya kompresa weka mfukoni.

Ngoja nifafanue ili na wengine wafaidike mana hili naliona kila wiki. Extensheni nyingi za dukani waya wake ndani ni mwembamba, ukipitisha chaja na redio haina shida. Lakini kompresa wakati wa kuanza inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na waya mwembamba mrefu unaula ule umeme njiani. Chukua mita 30 za waya wa milimita moja mraba, umeme unakwenda na kurudi kwa hiyo ni mita 60 za shaba, unapoteza kama volti moja kwa kila ampea. Kompresa ikivuta ampea 10 za kuanzia umeshapoteza volti 10, ongeza pasi inayovuta ampea 4 au 5 palepale, ongeza na soketi iliyolegea. Na jioni kila mtaa umewasha taa na feni na majiko, zile volti 230 tunazotakiwa kupata zinafika nyumbani kwako zimeshashuka. Kompresa nyingi za nyumbani chini ya volti 190 hivi zinaanza kugoma kuwaka. Ikiwa tayari inazunguka itavumilia, ila kuanza itashindwa. Ndo mana asubuhi inawaka.

Halafu kuna kitu kingine watu wengi hawakijui. Rilei za siku hizi ndani yake kuna kidonge, kikipata moto kinakataa kupitisha umeme, na ndivyo kinavyojikata. Kompresa ikiwa inatembea kile kidonge kina moto muda wote. Umeme ukikatika sekunde mbili ukarudi, kidonge bado kina moto hakiwezi kuisukuma mota, na presha ya gesi bado haijalingana, basi mota inakwama pale pale, mmmmm tak. Inahitaji dakika kama tano ipoe. Kwa hiyo umeme ukicheza cheza chomoa, subiri dakika tano chomeka. Au weka fridigadi, kile kifaa cha kulinda friji kinachokaa kati ya soketi na friza, yenye kuchelewesha dakika kadhaa kabla haijaruhusu umeme, na inakata umeme ukishuka sana.

Fanya hivi: chomoa kila kitu, rudisha friza kwenye soketi ya ukutani, iache dakika tano, chomeka. Iangalie siku tatu hasa magharibi. Na ile extensheni iguse kwa mkono pale kwenye kigurudumu, nina hakika ilikuwa na moto. Waya uliozungushwa ukipitisha umeme mwingi haupoi, unaweza kuyeyuka na kushika moto, na hapo ni dirishani kwenye mapazia. Hilo linanitisha kuliko samaki.

Kijana wa Pongwe, ndugu yangu, nyundo hapana. Kompresa ndani inaning'inia kwenye springi, ukiigonga unaweza kuilegeza iliyokwama kweli ila unaweza pia kuvunja springi au bomba, na bomba likipata ufa gesi yote inatoka. Na kapasita usiweke ya kubahatisha, lazima iendane na kompresa.

fundi_umeme_mabawa

Namuunga mkono fundi baridi. Naongezea kwamba kipimo kifanyike wakati kompresa inajaribu kuwaka, sio ikiwa imezima. Mafundi wengi wanachomeka mita ya kupima umeme wanasoma volti 215 wanasema umeme uko sawa wanaondoka. Subiri ile tak ya kwanza uangalie namba inaporomoka mpaka wapi. Na upime sehemu mbili, ukutani na kwenye mdomo wa extensheni. Ukutani ikiporomoka sana basi tatizo ni nyaya za ndani ya nyumba au huko nje kwenye laini, ukutani ikikaa sawa na mwisho wa extensheni imeporomoka basi jibu unalo.

baba_wawili_bagamoyo

Naomba niulize hapohapo msinifukuze. Mimi niko Bagamoyo karibu na ufukwe, friza yangu haifanyi tak, inafanya grrrrrr kama bati linatetemeka muda wote ikiwa inafanya kazi, na ikizima inatikisika gudu mara moja. Nikiweka mkono nyuma inanyamaza.

fundi_baridi_ngamiani

Baba, hiyo gudu moja ya kuzima ni zile springi nilizosema, mota inasimama ghafla inayumba. Kawaida. Hiyo grrr inayonyamaza ukiweka mkono ni bomba linagusa bati au bomba mwenzake, au boliti za kompresa zimelegea, au raba zake zimekufa, au sakafu haiko sawa na mguu mmoja unaelea. Chomoa, chukua tochi uangalie nyuma. Ukiona bomba la shaba limesugua mpaka linang'aa sehemu moja, hapo ndo penyewe, lisogeze kwa vidole taratibu usilikunje, weka kipande cha raba katikati. Usilipuuzie kwa sababu ni kelele tu, kile kisugulio kinakula bomba taratibu, siku moja linatoboka na gesi inaondoka.

Na kwa wewe wa ufukweni angalia kutu. Upepo wa bahari unaleta chumvi inalala kwenye mabomba na bati la chini, kutu inakula pale ambapo hamuoni. Futa kwa kitambaa chenye maji baridi kidogo kila mwezi ikiwa imechomolewa, kausha.

Na hapa niseme kuhusu gesi mana wengi tunaibiwa. Gesi ya friza haipungui kwa kutumika kama petroli, inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa miaka na miaka. Ikipungua kuna tobo, na fundi anayejaza bila kutafuta tobo anakurudisha kwake mwezi ujao. Na kama stika imeandikwa R600a hiyo inashika moto, ni jamii ya gesi ya kupikia, fundi asiwashe tochi ya kuchomelea kabla ya kuitoa yote nje penye hewa. Mama barafu yako ni R134a haishiki moto ila nna wasiwasi mmoja. Kama gesi yako haikuwa imepungua na jamaa akaongeza juu yake basi imezidi, na ikizidi kompresa inapata mzigo mzito kuanza. Angalia lile bomba nene linalorudi kwenye kompresa, likiwa limeganda barafu kwa nje mpaka karibu na kompresa niambie.

mama_barafu

Narudi na majibu, leo siku ya nne.

Friza imerudi sebuleni ukutani, extensheni nimeitoa kabisa na ulichosema ni kweli fundi, pale kwenye kigurudumu waya zimeshikana plastiki imelainika, mume wangu alipoiona akanyamaza muda mrefu. Siku mbili za kwanza haikufanya ile tak hata mara moja. Siku ya tatu magharibi ikafanya mara mbili halafu ikawaka yenyewe. Jirani yangu mwanawe anasoma ufundi umeme akaja na mita, tukangoja, ukutani ikasoma volti 204 na wakati wa kuanza ikashuka 193. Kwa ajili ya kujaribu tukaazima extensheni nyingine ya mtaani ndefu kama ile yangu, pale mwisho wake ikashuka mpaka 171 na friza ikagoma palepale. Yani nimeiona kwa macho yangu.

Na bomba, fundi, lina barafu nyeupe mpaka inakaribia kompresa inchi chache. Nimepiga picha.

fundi_baridi_ngamiani

Alhamdulillahi. Basi gesi imezidi kweli, na rilei nayo imechoshwa na hizo wiki mbili za kugoma. Mtafute huyo kijana wa mita, akiwa amechomoa friza atoe rilei aitikise sikioni, ikilia chakacha kama njugu ndani kidonge kimevunjika, hiyo inabadilishwa na haina bei kubwa, ila ichukuliwe inayofanana na hiyo ya zamani, muibebe dukani. Akishaitoa apime omu za zile pini tatu za kompresa, mbili mbili. Atapata namba tatu, namba kubwa lazima iwe jumla ya mbili ndogo, na kati ya pini na bati la kompresa isisome kitu chochote. Zikitoka hivyo nyaya za kompresa ni nzima na yule aliyeweka mkono akasema imekufa alikosea.

Gesi nitakuja mwenyewe Jumamosi baada ya adhuhuri niitoe yote nivute hewa kwa pampu, nijaze kwa mzani kwa gramu zilizoandikwa kwenye stika, sio kwa kukisia. Kama gramu zimefutika niandikie namba ya modeli. Shemeji yako akija mapema hamisha samaki Sahare kwa yule ndugu mana itazima saa kadhaa.

mama_barafu

Rilei inalia chakacha. Pini zimesoma 13, 19 na 32, kwenye bati hakuna kitu. Gramu zinaonekana kwa shida, 150. Shemeji kafika leo alfajiri samaki wote wagumu, kachukua nusu na nusu inakwenda Sahare Ijumaa jioni. Karibu Jumamosi fundi, nyumba ni ile yenye mwembe mkubwa, ulizia kwa mama barafu watoto wote wanapajua, na soketi ya barazani kijana wa jirani ataivuta wiki ijayo kwa waya wa milimita mbili na nusu kutoka kwenye sakiti yake yenyewe.

muuza_samaki_sahare

Kasha nimeshaliosha dada, Ijumaa nakusubiri.